Taka za Kericho na Bomet: Tuzichome, Tuzizike ama Tuzigeuze Mbolea? Hesabu Yote Iko Hapa

Manze, picha ya Kericho unaijua. Majani chai yamekatwa level kama nywele za msee ametoka kinyozi, ukungu asubuhi, mvua saa tisa mchana kama iko na alarm. Kila msee akipita na mathree ya Kisumu lazima atoe simu apige picha.

Lakini kuna picha hakuna mtu hupost. Ni ile ya nyuma ya soko jioni ya siku ya soko, wakati mama mboga wamefunga na kanjo hawajafika. Majani ya kabeji, maganda ya ndizi, viazi vimeoza, chupa za soda, nepi za mtoi, na vipande vya juala ambazo zilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017 lakini bado zinajitokeza tu. Mvua ikishuka, hiyo yote inaanza safari. Bomet inaingia Mto Nyangores, ambao ukikutana na Amala unakuwa Mto Mara, ule wa nyumbu na watalii. Upande wa Kericho, maji mengi yanateremka hadi Sondu na mwisho ni Ziwa Victoria. Kwa hivyo chupa uliyoitupa kwa mtaro iko na pasipoti kukushinda.

Swali ni rahisi kuuliza: hizi taka zipelekwe wapi? Kila msee ako na jibu lake. Mmoja atakwambia tuzichome tupate stima, kama majuu. Mwingine anataka zizikwe mbali na kwake. Wa tatu anasema ni mbolea hiyo, mnatupa doh. Wote wako na point, na wote kuna kitu wamesahau. Leo tunapiga hesabu pole pole, ndio siku utakaa kwa kikao cha bajeti ya kaunti ama kibanda cha chai, usipelekwe mbio na mtu ako na makaratasi mazuri.

Kwanza, tunaongelea taka ngapi?

Sera ya taifa ya usimamizi wa taka ya 2021 inakadiria kila Mkenya anatoa karibu nusu kilo ya taka kwa siku. Kati ya hizo, asilimia 60 hadi 70 ni vitu vya kuoza: mabaki ya chakula, mboga, maganda. Plastiki ni karibu asilimia 20 na karatasi karibu 10. Zinazobaki ni chuma, taka za hospitali na vitu vidogo vidogo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet. Usizidishe yote kwa nusu kilo ukaanza kupanic. Wengi wao wanaishi ocha, na ocha maganda ya viazi hayafiki kwa lori. Yanaliwa na ng'ombe ama yanarudi shambani. Ocha shida ni plastiki na nepi, zile vitu ng'ombe hafai kula.

Ngori iko town. Chukua mji wa watu 50,000. Nusu kilo kila mtu inakuwa tani 25 kwa siku. Lori la tani saba litapiga trip karibu nne kila siku, Jumapili ndani. Kati ya hizo tani 25, kama 15 ni za kuoza, tano ni plastiki, na mbili na nusu ni karatasi. Shika hizo namba, tutazirudia.

Maswali manne ya kupima kila mpango

Watu wakisema mpango wa taka ni "endelevu" wanamaanisha kitu simple: unaweza kuendelea miaka ishirini bila kuua mto, bila kufilisi kaunti na bila kuumiza jirani? Kila ukiletewa wazo, liulize haya:

Moja, inachafua nini: hewa, maji ama udongo? Mbili, nani analipa, na si siku ya kukata utepe pekee, hata mwaka wa nane? Tatu, nani anapata kazi na nani anapata harufu? Nne, itafanya kazi hapa kwetu, kwa hii mvua, hii baridi na hii milima?

Swali la nne ndilo huachwa, na ndilo huua miradi mingi.

Jaa la wazi: bei rahisi ya uongo

Hii ndiyo njia ya kaunti nyingi za Kenya. Tafuta shimo, mwaga, ondoka. Kwa bajeti inaonekana bei poa sana, juu unalipia lori na dereva tu.

Lakini bili iko, ni vile inatumwa kwa mtu mwingine. Angalia Dandora. Jaa lilifunguliwa 1975, likatangazwa kujaa 2001, na bado malori yanaingia. Mwaka wa 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa utafiti uliopima watoto 328 wa karibu na hapo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwa damu kupita kiwango cha kimataifa cha wakati huo. Hiyo ndiyo bili. Ililipwa na watoi.

Halafu weka mvua na mlima. Tarehe 11 Machi 2017, jaa la Koshe kule Addis Ababa liliporomoka likaua zaidi ya watu 110. Tarehe 10 Agosti 2024 ikawa zamu ya Kiteezi, Kampala. Mvua kubwa, mlima wa taka ukashuka kwa nyumba za watu, zaidi ya 30 wakafa. Sasa fikiria upande wa majani chai, ambako mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka na kila mahali ni mteremko. Kurundika taka juu ya kilima hapa ni kucheza kamari na maisha ya watu wa chini.

Na kuna gesi. Taka za kuoza zikifinyiliwa bila hewa zinatoa methani, ambayo kwa miaka 100 inapasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kaboni dioksidi. Mkulima wa chai hapa hahitaji kuelezewa mabadiliko ya hali ya hewa. Ukame mrefu ama mvua ya mawe ikishuka vibaya, majani yanapungua na malipo yanapungua.

Matokeo ya mtihani: imefeli maswali yote manne.

Kuzika kisomi

Hapa shimo linawekwa utandiko mzito chini ndio maji machafu yasiingie ardhini, mabomba ya kukusanya hayo maji, na kila jioni taka zinafunikwa na udongo. Ni fiti. Haijalishi utafanya nini, kuna taka zitabaki za kuzikwa, kwa hivyo kila mji unahitaji mahali pa aina hii.

Shida yake Kericho ni tatu. Kwanza ni mvua, juu kila tone likipita kwa taka linatoka kama supu chafu, na hiyo supu lazima isafishwe mwaka mzima. Pili ni shamba. Ardhi kubwa ya hapa iko chini ya chai, na iliyobaki ni ekari mbili mbili za familia. Hakuna mtu atakwambia karibu uzike taka kando ya kisima chake. Tatu ni doh ya kila siku. Tingatinga likikosa dizeli wiki mbili, lile jaa la kisasa linarudi kuwa jaa la wazi lenye plastiki chini.

Kuna njia ya kati imejaribiwa Kenya hii hii. Inaitwa mbinu ya Fukuoka, kutoka Japani. Chini unaweka mabomba yenye matundu na mawe, maji machafu yanatoka haraka na hewa inaingia, kwa hivyo taka zinaoza bila kutoa methani nyingi. Imefanyiwa majaribio Kang'oki, Thika. Vifaa vyake si vya kuagiza majuu, hata bomba za kawaida na mawe ya kuponda zinatosha. Kwa town ya size ya Kericho ama Bomet, hii inaeleweka kuliko mradi wa mabilioni.

Kuchoma tupate stima: dili tamu, hesabu chungu

Hii ndiyo wasee hupenda. Taka inaisha, stima inawaka, kila mtu anafurahi. Addis Ababa walizindua mtambo wa Reppie Agosti 2018, uliotengenezwa kuchoma tani 1,400 kwa siku. Si tunaweza pia?

Rudi kwa namba zetu. Mwongozo wa Benki ya Dunia wa 1999 kuhusu mitambo hii unasema usijaribu kama huna angalau tani 50,000 za taka kwa mwaka. Gawa kwa siku 365, unapata karibu tani 137 kila siku. Mji wetu uko na 25. Ungehitaji miji mitano na nusu ya aina hiyo ilete kila kitu kwa mtambo mmoja. Yaani malori ya Bomet, Sotik, Litein na Londiani yakimbie barabarani kila siku yakibeba maganda ya viazi. Dizeli pekee itameza hiyo stima.

Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni moto wenyewe. Mwongozo huo huo unataka taka ziwe na nguvu ya wastani wa megajuli 7 kwa kilo ndio ziwake zenyewe. Taka zetu zaidi ya nusu ni mboga, na zimelowa mvua. Umewahi kujaribu kuwasha jiko na makaa mabichi? Ndiyo hivyo. Lazima uongeze mafuta, na hapo unachoma doh ya kaunti ndio uchome kabeji.

Ya tatu inachekesha lakini inauma. Kitu kinachowaka vizuri ni plastiki na karatasi, zile zile mahasla wanaokota wakauza. Mtambo ukija unawanyang'anya riziki.

Usichanganye hii na tanuri la hospitali. Sindano na bandeji zikichomwa kwa joto kali, hiyo ni sawa. Pia usichanganye na ule moto wa nyuma ya ploti kila Jumamosi. Kuchoma plastiki kwa moto wa kawaida kunatoa sumu kama daioksini, na ni wewe na jirani mnavuta.

Matokeo: huenda ikafaa jiji kubwa. Hapa, kwa hesabu ya leo, hapana.

Mboji: hapa ndipo pesa imelala

Tani 15 kati ya 25 ni za kuoza. Ukishughulikia hizo, umemaliza zaidi ya nusu ya shida na ile gesi, na harufu nyingi imeenda nayo.

Kutengeneza mboji si sayansi ya roketi. Unachanganya vitu vibichi kama majani ya kabeji na vikavu kama majani makavu ama vumbi la mbao, unahakikisha hewa inaingia, unageuza geuza. Baada ya miezi miwili mitatu unabaki na karibu theluthi ya uzito ulioanza nao. Yaani tani 15 zinakuwa kama tano za mbolea, kila siku. TakaTaka Solutions, kampuni iliyoanza Nairobi 2011, imejenga biashara kwa kukusanya taka, kuzichambua na kutengeneza mboji. Kwa hivyo si ndoto.

Lakini Kericho iko na masharti yake. La kwanza ni paa. Ukiacha mboji wazi kwa hii mvua, rutuba yote inaoshwa inaenda mtoni na rundo linaanza kunuka. Mabati ya juu si urembo, ndiyo mradi wenyewe.

La pili ni soko, na hapa wengi huanguka. Utaskia, "Si tutauzia wakulima wa chai!" Pole pole buda. Mchai unapenda udongo wenye asidi, pH ya karibu 4.5 hadi 5.5. Mboji ya taka za mji, hasa ikichanganyika na jivu la jiko, mara nyingi iko juu ya hapo. Ukiimwaga ovyo kwa chai unaweza kuharibia mtu miaka. Kericho iko na Taasisi ya Utafiti wa Chai pale pale Timbilil, kwa hivyo kabla ya mtu kusema "chai," mboji ipelekwe ikapimwe. Wateja wa kwanza ni wengine: viazi na kabeji za Bomet, nepia ya ng'ombe, miche ya parachichi, sukuma ya kila boma.

La tatu ndilo kubwa: usafi wa chanzo. Mboji yenye vipande vya chupa na betri haina mnunuzi, na haifai kuwa naye. Kama taka zimechanganyika tangu jikoni, hakuna mashine itakuokoa kwa bei ya kaunti. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka kutenganisha kuanze pale taka inapotoka, za kuoza kando na zisizooza kando. Na hapa tusidanganyane: watu hawatatenganisha wakiona lori moja linakuja linachanganya tena. Ndoo mbili bila safari mbili za lori ni maigizo tu.

Biogesi na funza

Taka za kuoza zinaweza pia kuingia tangi la biogesi. Pale Naivasha, mtambo wa Gorge Farm unatumia mabaki ya shamba kuzalisha zaidi ya megawati 2 za stima. Ni kitu safi, lakini angalia kwa nini ilifanya kazi: mabaki ni ya aina moja, yanatoka shamba moja, hayana pampas ndani. Kwa mji mzima ni ngumu. Kwa shule ya bweni, jela ama soko kubwa lenye mabaki ya chakula kila siku, ni dili ya kweli, juu kuni za jikoni zinapungua. Kumbuka tu baridi. Bakteria wa gesi wanapenda joto la karibu nyuzi 35, na Kericho ina wastani wa 18 hivi. Tangi lichimbiwe chini, ama tegemea gesi kidogo.

Funza wa nzi mweusi nao wanakula mabaki kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha wanakuwa chakula cha kuku na samaki. Kituo cha icipe pale Kasarani kimetafiti hii sana. Kijana mwenye kibanda chenye joto na mkataba na hoteli tatu anaweza kuanza bila kungoja kaunti.

Plastiki: tatizo ni hewa

Ndiyo, hewa. Chupa tupu ni nyepesi lakini inajaza lori. Kutoka Kericho hadi viwanda vya Nairobi ni karibu kilomita 260. Ukibeba chupa hazijafinywa, unalipia dizeli ya kusafirisha hewa, na bei ya kilo inaisha barabarani. Ndiyo maana yule msee wa skrapu hushika chuma na mitungi haraka, chupa za maji anazipuuza.

Dawa yake ni mashine ya kugandamiza na stoo kavu ya kukusanyia hadi lori lijae. Hicho ndicho kitu kaunti inaweza kununua mara moja kikafaidi mahasla mia. Pia kuna kuchakata hapa hapa: Nzambi Matee na kampuni yake Gjenge Makers Nairobi wanageuza plastiki kuwa matofali ya kupanga chini, na UNEP ilimtunuku 2020.

Tangu 2024 pia kuna kanuni za kuwabana watengenezaji na waagizaji wachangie gharama ya vifungashio vyao baada ya wewe kuvitupa. Ni haki. Haiwezekani kampuni ichukue faida na Bomet ibaki na chupa.

Basi jibu ni gani?

Hakuna moja. Kwa hii sehemu yetu, hesabu inasema hivi: za kuoza ziende mboji karibu na soko, chini ya paa. Plastiki, karatasi na chuma zifinywe ziuzwe. Taka za hospitali zichomwe kivyake. Zinazobaki, kama nepi na takataka chafu, zizikwe kwa jaa dogo la mbinu ya Fukuoka, mbali na mto.

Na tusijipige kifua. Hata kama tutafaulu kutenganisha nusu tu ya za kuoza, hiyo ni tani saba na nusu hazipandi lori. Kati ya trip nne, moja imeisha. Dizeli ya trip moja kila siku, mwaka mzima, inaweza kulipa vijana kadhaa wa kugeuza mboji. Hapo ndipo kazi inatoka, bila mwekezaji wa kushuka na ndege.

Na wewe je?

Katiba, Kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, na Jedwali la Nne linasema ukusanyaji wa taka ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo usiombe kama msaada. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya umma, vile wewe huwa unaskip juu "ni za wazee". Enda na maswali matatu tu. Lori la taka za kuoza ni gani na linapita siku gani? Mboji itapimwa na nani na itanunuliwa na nani? Mtambo ukiharibika mwaka wa tatu, spea ziko kwa bajeti ya nani?

Nyumbani anza na ndoo mbili. Ya kuoza mpe mwenye ng'ombe, nguruwe ama shamba, hutakosa jirani ocha ama hata ploti ya pili. Chupa ziweke kavu kwa gunia, mpe yule kijana wa mkokoteni, na usimwite chokoraa. Kwa kila kilo anabeba, ameokoa Nyangores kuliko wewe na mimi.

Saa tisa ikifika mvua itanyesha Kericho, hilo halina mjadala. Kile tunaweza kubadilisha ni kitu itakuta kimelala nyuma ya soko.